Shajara ya Mradi: Kitabu cha Fundi Saa na Maandalizi ya Kuingia Kazini

Januari

Mradi huu una sehemu mbili zinazotegemeana. Ya kwanza ni kukamilisha kitabu cha picha cha watoto chenye kurasa 32, kuanzia vijichoro vya mwanzo hadi faili zilizo tayari kupelekwa kiwandani kuchapwa. Ya pili ni kukusanya potifolio, yaani mkusanyo wa michoro yangu bora, ya kupelekwa kwa wachapishaji na majarida kabla ya kuhitimu. Nimeamua kuandika shajara kwa sababu nataka kufuatilia jambo ambalo alama za mtihani haziwezi kulipima, nalo ni iwapo ninaweza kuketi mbele ya mtu asiyenijua, nikaweka mchoro mezani, na kueleza kwa utulivu kwa nini umechorwa hivyo ulivyochorwa. Wanafunzi wengi wa uchoraji wa vitabu wanaokaribia kumaliza masomo wana mkono mzuri. Kinachowakwamisha ni namna wanavyoisimamia kazi yao: wanaifungua huku wakiiombea radhi, na mtazamaji, ambaye hakuwa na shaka yoyote, huanza kutafuta kasoro alizokwisha kudokezewa.

Hadithi yenyewe ni fupi. Msichana mdogo anashinda katika karakana ya babu yake ambaye ni fundi saa. Parafujo ndogo inadondoka kutoka mezani, na kwa kuwa macho ya babu yamechoka, msichana ndiye anayeitafuta katikati ya saa zilizofunguliwa hadi anapoipata. Nimeichagua kwa sababu ina chumba kimoja, watu wawili, na kitu kimoja ambacho karibu hakionekani. Mandhari hayabadiliki, kwa hiyo siwezi kumvutia msomaji kwa kumhamisha kutoka mlimani hadi baharini; kila ukurasa itanilazimu nitafute pembe mpya ya kutazamia, umbali mpya na mwanga mpya ndani ya kuta zilezile nne.

Februari

Mwezi huu wote umekwenda kwa wahusika, na sijutii. Darasani mazungumzo mengi hurudi kwenye mtindo: nani ameshaupata, nani bado anautafuta, kana kwamba mtindo ni kitu kilichofichwa mahali na mwenye bahati ndiye atakayekiokota. Maoni yangu ni kwamba mtindo ni maamuzi yanayorudiwa. Ukiamua kwamba macho ya wahusika wako ni nukta tupu, kwamba mstari wa upande wa kivuli ni mzito kuliko wa upande wa mwanga, na kwamba vidole huishia kwa pembe badala ya duara, kisha ukayashika maamuzi hayo katika kila ukurasa, msomaji atakutambua hata kama hukuwahi kutamka neno mtindo.

Nimetengeneza karatasi ya kila mhusika, yenye mwonekano wa mbele, wa ubavuni, wa robo tatu (uso ukiwa umegeuzwa kidogo upande) na wa nyuma, pamoja na safu ya nyuso: furaha, uchovu, udadisi, hofu. Kipimo changu ni kichwa. Msichana ana urefu wa vichwa vinne, babu ana vichwa sita kwa sababu mgongo wake umepinda, na uwiano huo nimeuandika pembeni kwa penseli ili mhusika asirefuke au kunenepa bila sababu kadiri kurasa zinavyosonga. Jambo hili ndilo wahariri wa vitabu vya watoto hulitazama mapema sana. Mtoto msomaji anapofungua ukurasa wa ishirini anapaswa kumtambua mara moja yule msichana aliyemwona ukurasa wa nne, hata kama sasa amepiga magoti, amegeuza uso na nywele zimemwangukia.

Sehemu iliyonipa kazi zaidi ni mkono wa babu unaoshika kibano. Mkono wa fundi saa hauelei hewani. Kidole gumba na cha shahada hukutana kwenye kibano, na vidole vitatu vilivyobaki hujikunja na kutulia juu ya ukingo wa meza ili ncha ya kibano isitetemeke. Nikianza na mzingo wa nje wa vidole, mkono hutoka laini na hauna nguvu. Nikianza na kiganja kama kipande chenye pande bapa, nikaongeza kabari ya kidole gumba, kisha nikachora tao moja jepesi linalopita kwenye vifundo vyote vya vidole, mkono unapata uzito na mtu anaamini kwamba unaweza kuinua gurudumu dogo kuliko punje ya mtama. Wino ulipofuata, nilikandamiza kalamu ya nibu kwenye sehemu ya chini ya kila kidole, pale kinapogusa mbao, na kuuacha mstari wa juu uwe mwembamba hadi kukatika mahali mwanga wa taa unapoangukia. Mstari unaokatika humwachia msomaji nafasi ya kuukamilisha mwenyewe, na mkono huo sasa unaonekana umezeeka bila mimi kuchora kunyanzi hata kimoja.

Ninaueleza mkono huu kwa kirefu kwa sababu ndipo nilipoanza kuhisi mabadiliko. Baada ya kuuchora tena na tena, kutoka juu, kutoka chini ya meza kama msichana anavyouona, na kutoka nyuma ya bega, nilijikuta naweza kuutetea. Mtu akiuliza kwa nini vidole vitatu vimekunjwa, nina jibu, na jibu hilo linatokana na kazi ya fundi mwenyewe.

Machi

Nimepanga kurasa. Vitabu vingi vya picha huwa na kurasa 32 kwa sababu ya jinsi karatasi kubwa inavyochapwa na kukunjwa: tabaka moja lililokunjwa hutoa kurasa 8 au 16, hivyo hesabu ya kitabu huenda kwa mafungu ya idadi hiyo, na kuongeza ukurasa mmoja tu si jambo linalowezekana bila kuongeza fungu zima. Nikiacha kurasa tatu za mwanzo kwa ajili ya jina la kitabu, taarifa za haki na tabaruku, hadithi inaanzia ukurasa wa 4 na 5 na kuishia wa 30 na 31. Hapo napata jozi 14 za kurasa zinazotazamana, na ukurasa wa 32 unabaki peke yake kwa picha ya kumalizia. Kwa hiyo hadithi yangu ina mipigo 14, yaani hatua 14 za hadithi, moja kwa kila jozi, na kila mpigo lazima uistahili nafasi yake.

Vijichoro vyote nimevichora vidogo, vya ukubwa wa stempu, kwenye karatasi moja. Udogo huo una faida kubwa: huwezi kujificha nyuma ya nyuzi za sweta au mbao za sakafu, na kinachobaki ni mpangilio wa giza na mwanga, wapi jicho linaingia na wapi linatokea. Nilipoiweka karatasi hiyo ukutani na kuitazama kwa mbali, niliona kurasa za kati zote zikiwa na meza mahali palepale, na watu wakiwa na ukubwa uleule. Nimezipanga upya: picha ya chumba kizima kutoka darini, inayofuatwa na jicho la msichana likijaza ukurasa kupitia lenzi ya babu, kisha giza la chini ya meza ambamo kila kitu ni kivuli isipokuwa magurudumu ya saa.

Kugeuza ukurasa ndiko chombo kikuu cha mchoraji wa vitabu, na mchoraji wa mabango hana bahati hiyo. Swali huwekwa upande wa kulia, jibu huwekwa nyuma yake. Kwenye ukurasa wa 9 parafujo inaonekana ikiwa hewani, karibu na ukingo wa kulia; msomaji hawezi kujua imeangukia wapi mpaka ageuze.

Aprili

Kikao cha kuhakiki kazi kilifanyika mwezi huu, na kwa maandalizi yake nilijiwekea sharti moja: nisitangulize udhaifu wowote wa mchoro kabla mtu hajauona. Nilibandika vijichoro, karatasi za wahusika na jozi mbili za kurasa zilizokamilika kwa wino na rangi ya maji, nikasema hadithi inahusu nini kwa sentensi mbili, nikanyamaza. Kunyamaza huko ni kugumu kuliko kuchora.

Mwalimu alisogea karibu na jozi ya sita, akaitazama kwa muda, akauliza, “Kwa nini msichana huyu anaelekea kushoto?”

“Mwalimu, katika kitabu kinachosomwa kutoka kushoto kwenda kulia, anayeelekea kulia anakwenda pamoja na hadithi. Hapa amekata tamaa na anarudi alikotoka, ndiyo maana nimemgeuza akabiliane na mkondo wa usomaji.”

“Na taa je? Mbona iko nyuma yake?”

“Ili kivuli chake kifunike sehemu ambayo bado hajaitazama. Parafujo imo ndani ya kivuli hicho.”

Aliinama akaitafuta, akaiona. Kisha akasema jambo ambalo nimeliandika kwenye jalada la daftari langu: kwamba jibu la pili lilikuwa bora kuliko la kwanza, kwa sababu la kwanza ni kanuni ambayo mtu yeyote anaweza kuisoma, lakini la pili limetoka ndani ya hadithi hii peke yake.

Ushauri aliotoa ulikuwa mkali pia, na ulinifaa. Alisema babu anatumika kama samani. Yupo katika kila picha lakini hatujui anawaza nini wakati mjukuu anahangaika sakafuni. Wanafunzi wenzangu wawili waliafiki, mmoja akipendekeza babu aendelee na kazi kimya, mwingine akipendekeza asimame amsaidie. Nimeyasikiliza yote, na uamuzi wangu ni tofauti: babu atabaki kitini, lakini kuanzia jozi ya nane mkono wake utakuwa umekiweka kibano chini. Fundi aliyeweka chombo chake chini anasubiri, na mtoto anayesoma ataliona hilo kabla ya mtu mzima anayemsomea.

Katika kikao hicho nilijifunza kutenganisha aina mbili za maoni. Yapo yanayoonyesha mahali ambapo mtazamaji alipotea, na hayo ni ya thamani kila mara, maana mtazamaji hawezi kukosea kuhusu kilichomtokea yeye mwenyewe. Yapo pia yanayopendekeza dawa, na hayo mchoraji ana haki ya kuyapima na kuyaacha. Anayechanganya aina hizi mbili huishia ama kukataa kila kitu kwa hasira au kutii kila mtu mpaka kitabu kikose mwenyewe. Katika kazi za kulipwa tofauti hii itakuwa na uzito zaidi, kwa sababu mkurugenzi wa sanaa akisema “mfanye awe mkubwa kidogo,” huenda tatizo halisi ni kwamba mhusika haonekani vizuri dhidi ya mandharinyuma, na kulijua tatizo hilo kunamwezesha mchoraji kupendekeza suluhisho zuri zaidi.

Mei

Faili za uchapaji. Nitaandika kwa ufupi, ingawa uangalifu unaohitajika hapa ni mkubwa. Michoro yote imepitishwa kwenye skana kwa pikseli 300 kwa inchi katika ukubwa itakaochapwa. Kwa ukurasa wa A4 hiyo ni takriban pikseli 2480 kwa 3508. Kila picha inayofika ukingoni imeongezwa milimita 3 kila upande wa nje, kwa kuwa kisu cha kiwandani hakikati kwa usahihi kamili na bila nyongeza hiyo utaonekana mstari mweupe. Nyuso na mikono nimeziweka mbali na mshono wa katikati, mahali ambapo kitabu hukunjwa na kumeza sehemu ya picha.

Rangi zimehitaji subira. Skrini hutoa rangi kwa mwanga, lakini kiwanda huchapa kwa wino wa rangi nne, na samawati kali niliyoitumia kwenye dirisha la karakana ilififia mara tu nilipoigeuza faili kwa mfumo huo wa rangi nne. Nimeichagua upya nikitazama nakala iliyochapwa. Maandishi yako kwenye tabaka lake yenyewe, kwa wino mweusi mtupu, wala hayamo ndani ya mchoro. Sababu yake ni ya kibiashara na inapendeza kuifahamu: kitabu kikitafsiriwa, kiwanda hubadilisha bamba la wino mweusi tu na kuendelea kuchapa lugha nyingine kwa mabamba yaleyale ya rangi. Mchoraji anayeandika maneno ndani ya picha kwa rangi huifanya tafsiri kuwa ghali, na mchapishaji hulitambua hilo haraka.

Juni

Potifolio imekamilika, na kazi kubwa ilikuwa kuondoa. Nimebakiza picha kumi na mbili. Kuna jozi nne kutoka kitabu cha fundi saa, zinazofuatana ili kuonyesha kwamba naweza kumshika mhusika katika mfululizo. Kuna kundi la watoto wakicheza, kwa sababu wahariri wa vitabu vya watoto huhitaji kuona watoto wakitenda na kugusana, wala si wamesimama wakitazama mbele. Kuna wanyama, picha za wino mweusi kwa ajili ya vitabu vya sura (vile vya maandishi mengi vilivyogawanywa kwa sura), na picha mbili nilizojipa kama maelekezo ya jarida, moja kuhusu usingizi na nyingine kuhusu deni. Picha za mwaka wa kwanza, za mifupa na vikombe, zimetoka zote, hata zile zilizosifiwa. Potifolio hupimwa kwa picha yake dhaifu, kwani mwajiri hujiuliza ni ipi kati ya hizi atakayoletewa siku ya kukabidhi kazi.

Nimetenga pia picha tano kwa ajili ya kuomba nafasi katika maonyesho ya wachoraji ya tamasha la vitabu vya watoto la Bologna, Italia. Tamasha hilo lilianza mwaka 1964 na maonyesho ya wachoraji yakafuata mwaka 1967. Waombaji hutakiwa kuwasilisha picha tano. Sifanyi hivyo kwa kutarajia kuchaguliwa mara ya kwanza. Kuchagua tano zinazoshikana, ambazo mtu akiziona bila maneno ataihisi hadithi, kumenifundisha kuhusu kitabu changu zaidi ya kuchora picha nyingine mpya kungalinifundisha.

Julai

Mwezi huu sikushika brashi sana. Nimesoma mikataba, na ninaamini kwamba hapa ndipo elimu ya wachoraji ina pengo kubwa kuliko pote. Tunafundishwa miaka kadhaa jinsi ya kutengeneza picha, na karibu tusifundishwe kabisa kinachouzwa picha inapouzwa.

Msingi wake uko katika Mkataba wa Berne wa mwaka 1886, ambao kwa nchi wanachama unaweka kanuni kwamba haki ya mtunzi huzaliwa pamoja na kazi bila kusajiliwa, na kwamba kwa ujumla hudumu angalau maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Unatambua pia haki ya mtunzi kutajwa kama mwenye kazi, na haki ya kupinga kazi hiyo isiharibiwe kwa namna inayomvunjia heshima. Kwa hiyo mteja anaponiagiza picha, kwa kawaida ninachompa ni leseni, yaani ruhusa ya kuitumia kwa jambo fulani, mahali fulani, kwa muda fulani. Kuhamisha haki zote ni jambo jingine kabisa na lina bei nyingine. Picha ya ukurasa wa jarida ikihamishwa haki zote inaweza kesho kuwa kwenye mifuko, kalenda na matangazo, bila mchoraji kupata chochote.

Kwa vitabu kuna malipo ya awali na mrabaha, yaani sehemu ya mapato ya kitabu anayolipwa mchoraji kadiri nakala zinavyouzwa. Wanafunzi wengi hudhani hizo ni fedha mbili zinazokuja pamoja, ilhali malipo ya awali hukatwa kwanza kutoka katika mrabaha, na mchoraji huanza kupokea nyongeza pale tu mrabaha wa mauzo unapokuwa umeyafidia malipo hayo ya awali. Nimejiandalia maswali ya kuuliza kila ninapoletewa kazi: picha itatumika wapi na kwa muda gani, marekebisho ni mangapi kabla ya kuanza kulipiwa, nitalipwa kiasi gani kazi ikifutwa nikiwa nimefika kwenye rasimu, jina langu litaandikwa wapi, na iwapo picha zangu zinaruhusiwa kutumika kufundishia programu zinazozalisha picha. Hili la mwisho nalitaka liandikwe wazi, maana kukaa kimya kwa mkataba hakumlindi mtu.

Nimeyatamka maswali hayo kwa sauti mbele ya mwenzangu wa darasa aliyekaa kama mteja, tukabadilishana nafasi, mpaka yakatoka bila kigugumizi. Kuuliza kuhusu malipo kwa sauti ya kawaida ni ujuzi wa kazi hii sawa na kuchanganya rangi.

Agosti

Barua zimetumwa kwa wachapishaji na majarida. Kila moja niliiandika baada ya kutazama vitabu au matoleo ya yule ninayemwandikia, na ndani yake nikataja ni aina gani ya kazi yake ninayoona michoro yangu inaweza kuihudumia. Baadhi hawajajibu. Mmoja alijibu kwamba michoro inapendeza lakini orodha yake ya mwaka ujao imejaa, nami nimeiweka anwani yake ili nimpelekee kazi mpya baada ya miezi michache, kama ilivyo desturi ya kazi hii.

Jarida moja la watoto limeniagiza picha mbili za hadithi fupi. Rasimu ya mkataba wao ilisema haki zote zinahamishwa moja kwa moja na milele. Nilijibu hivi:

“Ndugu Mhariri, nashukuru kwa kunipa kazi hii na nimeisoma hadithi kwa furaha. Kwa kiwango cha malipo kilichopendekezwa, naweza kutoa leseni ya kuchapa picha hizi katika toleo moja na katika nakala yake ya kidijitali kwa mwaka mmoja, jina langu likiwekwa kando ya picha. Endapo mtahitaji matumizi mapana zaidi, niko tayari tukubaliane malipo yanayolingana nayo.”

Niliituma bila kuongeza neno la kuomba radhi. Mhariri alijibu kesho yake kwamba wangependa miaka miwili kwa nakala ya kidijitali na kwamba mengine yote yanakubalika. Nimekubali, na mkataba uliorekebishwa umesainiwa pande zote mbili.

Rasimu za penseli za picha hizo zinatakiwa wiki ijayo. Ya kwanza ina mbuzi watatu juu ya paa, nami bado natafuta pembe ya kutazamia itakayowaonyesha wote bila kuficha mlango ambao hadithi inauhitaji. Kwa kitabu cha fundi saa, nakala ya mfano iliyoshonwa kwa mkono itapelekwa kwa mchapishaji aliyeomba kukiona kikiwa kizima, na kabla ya hapo nachora upya jozi ya nane, kibano kikiwa kimelala mezani na mkono wa babu ukiwa wazi kando yake.